Zamu ya Usiku, Ulaanbaatar

Sikukujua, Dambadarjaa.
Ulistaafu mwezi ule ule nilioajiriwa;
nilirithi kiti chako, mguu mmoja umelegea,
na msumari uliotundikia kofia.

Usiku wa tatu nikiwa peke yangu
baridi ilishuka nyuzi arobaini chini ya sifuri,
moshi wa makaa ukasimama juu ya paa
kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.
Saa nane na robo, bombani:
kugonga, kunyamaza, kugonga.
Kipimo kikasema: salama.
Cheti changu cha chuo nacho: salama.

Nikafungua daftari la zamu.

Mwandiko wako umeinama kama apandaye ngazi:
"Kipimo cha vali ya kumi na nne huongopa.
Kikisoma sita, jua ni nne.
Fungua robo tu, usubiri. Usiwe na pupa.
Mimi nilikuwa na pupa,
mtaa mzima ukalala na makoti siku mbili.
Naandika ili aibu yangu ifae mtu."

Chini yake, wino mwingine, Narantuya:
"Siku za upepo robo ni nyingi. Nusu yake."
Na penseli isiyo na jina: "Kweli. Nimejaribu."

Nikafungua nusu ya robo.
Nikaweka kiganja juu ya chuma,
nikasubiri kama anayebembeleza mtoto alale.
Kugonga kukapungua.
Kukaisha.
Maghorofani watu wakageuka ubavu wa pili,
hawakujua lolote.

Asubuhi Bi Sarangerel akanisifu: una kipaji.
Kipaji gani? Akili ni nywele, kila mtu ana zake;
usiku ule nilikuwa nimesukwa kwa nywele za watatu.
Ila kiganja kilikuwa changu.
Daftari halisikii chuma kikitulia.

Ni yeye aliyepigania dakika kumi na tano
mwisho wa kila zamu, zenye malipo,
mtu aketi aandike alipokosea.
Wahasibu walicheka: tuwalipe watu kwa kukumbuka?
Na mafundi walinong'ona:
nikishaandika yote, mtaniweka wa nini?

Hofu hiyo naijua.
Nina siri ya pampu ya saba,
wiki nzima nimeificha chini ya ulimi,
tamu kama peremende.

Leo nimeitema.
"Pampu ya saba: ikinguruma, usiizime. Ipunguze."
Tarehe. Jina langu, Oyunchimeg.

Na chini yake nimeacha mistari mitano mitupu
kwa atakayenisahihisha.