Hesabu Nyuma ya Risiti ya Dizeli

Ceduna, saa kumi na moja alfajiri. Injini inakoroma nje.
Nimegeuza risiti ya dizeli, nikachora mistari mitatu kwa penseli,
maana mkataba wangu wa simu unakwisha Ijumaa
na kampuni imenitumia ujumbe mtamu
unaoanza na "Mpendwa Lorna", kana kwamba tulisoma pamoja.

Mstari wa kwanza: dola kumi na tano kwa mwezi.
Bei ya kumtoa nyoka pangoni.
Wa pili: thelathini na tano, data tele,
sinema tele, muziki tele,
kila kitu tele isipokuwa minara.
Wa tatu: sabini na mbili,
na ramani yake imepakwa rangi ya waridi pwani hadi pwani
kama kazi ya mtoto aliyepewa kalamu moja tu.

Hiyo rangi ya waridi nimeiendesha miaka kumi na tisa.
Nundroo mtandao unashika, ukisimama karibu na tangi la maji.
Yalata unashika ukipenda.
Madura unashika pale juu mlimani; ukishuka, unakuaga.
Cocklebiddy hata redio inajisemea yenyewe.
Kisha Caiguna, na ile barabara iliyonyooka kama rula,
kilomita mia moja arobaini na sita bila kona,
ambako simu ni saa ya mkononi yenye tochi.

Jarrod, yule kijana wa Norseman anayebeba kondoo,
aliniambia, "Chukua ya rahisi, mama. Minara ni ile ile, wameikodi."
Ni ile ile, ndiyo, lakini si yote.
Mwenye nyumba hapangishi chumba anacholala.
Hilo nililikuta ukurasa wa tisa,
kwa herufi za ukubwa wa chawa.

Basi, hesabu.
Kwenda tu, Adelaide hadi Perth: saa thelathini na mbili za usukani.
Rahisi inashika saa tisa. Ghali, kumi na tisa.
Mara sita kwa mwezi, kwenda na kurudi:
saa sitini za kusikika, kwa dola hamsini na saba za ziada.
Senti tisini na tano kwa saa.
Kahawa hii ni dola sita na nusu, na ina ladha ya soksi.

Nikampigia Kel, kule Whyalla, kwa simu ya kaunta.
Halali siku hizi. Nikamsomea mistari yote mitatu.
Nikasikia mashine ya oksijeni ikivuta, ikitoa.
"Chukua ya kumi na tano."
"Na ukizidiwa?"
"Nikizidiwa utakuwa Balladonia. Utafanyaje, utaruka?"

Akacheka, akakohoa, akasubiri pumzi irudi.
"Mimi sikusubiri simu, Lorn. Nakuhesabu.
Saa mbili usiku, Eucla.
Saa nne, Madura, anapanda mlima kwa gia ndogo.
Saa sita, Caiguna, anazidisha maziwa kwenye chai.
Ukichelewa kufika nyumbani, najua kulikuwa na upepo."

Nikashika ile simu, uzi wake umejisokota kama utumbo wa kondoo,
na msichana wa kaunta akajifanya anafuta meza.

Yeye ana barabara ya kunihesabia.
Mimi nitamhesabu kwa nini?
Mapafu hayana vituo. Hayana ubao wa kilomita
unaosema: kutoka hapa hadi pale, mia na themanini.
Nikiwa kwenye rula ile usiku, trela mbili nyuma yangu,
sijui kama amefika saa nne.

Nikazungushia duara mstari wa tatu.
Sikumwambia.
Nilimwambia upepo unatoka kusini leo, anihesabu taratibu.

Kahawa nimeiacha nusu kikombe.
Kuanzia mwezi ujao, nitabeba chupa ya chai.