Herufi Moja

Jumanne usiku nilipanga viti thelathini na viwili,
maana ndivyo alivyoniagiza Bwana Pocklington kwa simu:
"Panga vyote, na vya akiba viwe karibu."
Walikuja kumi na mmoja, na mbwa.
Mvua ya Spalding haipigi, inanong'ona;
makoti yakachuruzika
kwenye sakafu niliyokwisha kuipiga deki.

Kumbe chama huzaliwa hivi,
bila mbiu wala zumari,
kwenye ukumbi wa nyuma ya kanisa
wenye hita inayokohoa kama mvuta kiko.

Saa nzima walizozania jina.
"Huru" lilikuwa limeshachukuliwa.
"Taifa" lilimtia wasiwasi mwalimu mstaafu aliyekaa karibu na mlango.
Mmoja akataka "Nanga". Mwenzake akamwuliza,
tunataka kuing'oa au kuitia?
Wakacheka. Nami kule jikoni
nilichekea ndani ya birika.

Nikawapelekea chai, na biskuti
za kopo la bati la buluu, lililoandikwa Denmaki ubavuni.
Hakuna aliyesoma. Zikaisha.
Kopo likawa hazina ya chama:
pauni arobaini na tatu, na kifungo cha shati.

Ndipo akasimama Bi Enid Tunnard,
udongo wa balbu za tulipu umemganda kwenye mistari ya viganja.
"Babu, baba, mimi," alisema. "Ekari mbili za vioo.
Malori ya Kiholanzi yanafika sokoni kabla sijavaa viatu.
Napata barua yenye nyota kumi na mbili
inayonipimia urefu wa shina.
Simchukii mtu.
Nataka tu kujua ni mlango gani nikaugonge."

Hapo niliacha kucheka.

Nasi tulikuwa na Jumuiya.
Baba alikuwa karani wa Posta ya Afrika Mashariki, Kampala,
akipiga mhuri barua za nchi tatu kwa mkono mmoja.
Mwaka wa sabini na saba alirudi Tanga
na sanduku, na ule mhuri,
wa ofisi isiyokuwapo tena.
Kiinua mgongo chake kilibaki hewani.
Kila mwisho wa mwezi alivaa suti akaenda kuuliza.
Huyu akamtuma kwa yule, yule kwa huyu.
Amekufa suti ingali imepigwa pasi.

Katiba yao, waliyoiandika wenyewe wiki iliyopita,
inataka waanzilishi kumi na wawili.
Bwana Pocklington akahesabu, akahesabu tena, akamtazama mbwa,
kisha akanitazama mimi.
"Suhara," alisema (naitwa Zuhura),
"una miaka mingapi hapa?"
"Kumi na tisa."
"Basi wewe ni mwenzetu!"
Kijana mmoja akaanza kuzichunguza kamba za viatu vyake.

Nilichukua kalamu.
Sikuandika jina. Niliandika: chama.
"Kwetu ndivyo kinavyoitwa hiki mnachokiunda.
Sasa funika herufi ya kwanza."
Akafunika. Akasoma kwa shida: "Hama."
"Maana yake?"
"Ondoka, na vyako vyote."
Alifurahi mno, akapiga meza, chai ikamwagika:
"Ndilo! Ndilo tunalolitaka!"
"Mimi nimeshahama mara moja," nilimwambia,
nikamrudishia kalamu yake.

Walipotoka, mstari wa kumi na mbili ulikuwa mtupu,
una duara la kikombe.
Nikabeba viti, vinne vinne.
Ishirini na kimoja havikuwa vimekaliwa na mtu,
lakini uzito wake ni uleule.

Bi Enid alibaki kunisaidia vyombo.
Hakuuliza kwa nini sikutia saini.
Dirisha la jikoni lilikuwa limejaa mvuke;
aliandika lile neno pale kwa kidole,
herufi za kitoto, kubwa,
akaifunika ya kwanza kwa kiganja,
akaifunua,
akaifunika tena,
kama mtu anayejaribu swichi
katika nyumba asiyoijua.