Lumbesa

Miaka kumi na tisa napima mahindi Kibaigwa.
Nalijua gunia kwa mlio wake likitua:
lenye unyevu hulalama, lililokauka hucheka,
na lile la lumbesa, lenye kilemba cha kamba juu,
hilo halisemi kitu. Linajua limeiba.

Jana barua ya Nyemo ikaja.
Chuo kile cha lango la chuma na maua yaliyonyolewa,
chuo ambacho ukikitaja harusini
watu wanakusogezea kiti.
Ada kwa mwaka, milioni tisa na laki nne.
Malazi mbali. Na kuna kitu kinaitwa
mchango wa maendeleo ya taasisi. Sikukielewa.

Nikafanya hesabu kwa lugha ninayoijua.
Gunia leo ni elfu sitini na tano.
Magunia mia moja arobaini na tano, kwa miaka minne:
mia tano na themanini.
Shamba letu la Pandambili, mwaka mvua ilipotuonea huruma,
lilitoa thelathini na moja.
Mwaka jana lilitoa mabua.

Hapa hapa Dodoma, juu ya kilima, kuna chuo cha serikali.
Mkopo anaweza kupata, na somo ni lilelile, takwimu.
Nimeuliza mara mbili: ni takwimu zilezile?
Mwalimu Senyagwa akasema,
"Mbili na mbili ni nne kokote uendako, mama Nyemo,
ila wa lango la chuma akisema nne, anaaminiwa upesi."

Nimetembea na maneno hayo siku nzima kama jiwe kiatuni.
Kwa hiyo nanunua nini, ile nne au ule upesi?
Gunia linaishia wapi, lumbesa inaanzia wapi?

Sokoni tuna bambo. Unachoma gunia ubavuni,
punje zinamwagika kiganjani,
unaona mchanga, unaona dumuzi,
unaona kama juu wamepanga nzuri na chini wameficha takataka.
Nipeni bambo refu nikichome chuo hicho.

Niliwapigia simu. Dada mmoja, sauti kama maji ya friji,
akaniambia wana bwawa la kuogelea.
Nikamwambia sisi hatuna hata la kunyweshea ng'ombe.
Akacheka kwa adabu.
Adabu ile nayo, nadhani, imo kwenye ada.

Baba yake anasema tuuze kiwanja cha Chamwino.
"Elimu haiozi."
Kweli, haiozi. Binamu yake Chomola
ana cheti cha mahali ghali kama hapo,
kimetundikwa dukani kwake anakouza vocha.
Nakiona kila niendapo kununua ya mia tano.
Hakijaoza hata kidogo.

Nyemo hasemi. Mtoto huyu akitaka kitu huosha vyombo.
Tangu jana sufuria zote zinang'aa,
hata ile iliyoungua mwaka wa njaa.

Usiku nimerudi ghalani na ufunguo wangu.
Nikaiweka barua juu ya mizani.
Mshale haukusogea.
Nikaipiga mizani kofi, kama tufanyavyo ikigoma.
Haukusogea.

Mwisho wa kuthibitisha nafasi ni Ijumaa, saa kumi.
Nimekaa juu ya gunia la watu, bambo mkononi.
Kesho nitamnyang'anya sufuria kwanza,
ndipo nimuulize.