Pale Paliposema Mwajiri

Fomu ilikuwa na kurasa sita
na kiganja changu cha kushoto kilikuwa na hina mbichi,
ua jipya nilokuwa nikijijaribia.
Nikamwambia Munira: andika wewe, mimi nitasema.

Jina, akaandika.
Tarehe ya kuzaliwa: Januari mosi,
kama nusu ya watu wa Kibokoni,
maana karani wa vitambulisho alikuwa na haraka.

Mwajiri.
Hapo kalamu ikasimama.

Nani mwajiri wangu, Munira?
Bibi harusi wa Alhamisi?
Mamake, anikataye mia mbili
kwa kuwa jani la kidole gumba limekwenda upande?
Au ni Shaaban, mwezi unaonipa mikono ya watu
hadi shingo ikafa ganzi,
kisha Ramadhani yaja, yanifuta kazi
bila barua?

Mamangu, Bi Time, hakujaza fomu.
Uzee wake aliuvaa:
bangili saba za dhahabu, mkono wa kushoto.
Ya kwanza ilikwenda kwa jicho.
Mbili zikaezeka paa.
Moja sijui; alirudi sokoni kimya, hatukuuliza.
Siku ya kumwosha, mkono ulikuwa mtupu,
ila ule ukanda wa ngozi nyeupe
mahali dhahabu ilipokaa miaka.
Mkono ule ndio uliokuita, Munira, hapa barazani.

Kakangu Twalib asema nunua ploti, ploti haifi.
Yake ya Mtwapa haikufa, kweli.
Ina wenyewe watatu na kesi.
Mchezo wetu wa Jumamosi, watu kumi na wawili,
mimi namba tisa: mzuri kwa friji.
Uzee si friji.

Vijitabu vitatu juu ya mkeka.
Cha kwanza kina mzee anacheka meno yote,
faida asilimia kumi na tatu,
na chini, kwa herufi za sisimizi: *huenda*.
Cha pili nikauliza, pesa hizi usiku zalala wapi?
Munira akataja mahali penye riba.
Nikakifunga, nikakiwekea kikombe juu.
Cha tatu hakina riba, na hakina mzee pia,
faida yake ndogo, haijisifu.
Ada: mbili katika mia.

Mbili katika mia ni koni moja katika hamsini.
Nikawaza, koni moja mbona naitupa tu,
mdomo umekauka.
Kisha nikawaza tena: ile naitupa mwenyewe.
Na hii ni kila mwaka, Munira,
tena hadi katika koni za mwaka juzi!
Akacheka. Akasema, wateja wangu wa ofisini
hawajawahi kuliona hilo.

— Nikikosa miezi miwili?
— Hakuna faini.
— Pameandikwa?
— Ukurasa wa nne.
— Nisomee.
Akasoma.
— Nisomee tena.

— Na nikizitaka kesho, kwa harusi ya mtu?
— Sehemu tu. Nyingine imefungwa.
Nikashukuru imefungwa. Najijua.

Mrithi: Salha, mtoto wa dadangu,
achujaye hina kwa mtandio wa zamani
na kulalamika harufu.
Asilimia ngapi? Zote.
Asiambiwe.

Miaka ishirini na sita nachora
vitu visivyofika wiki ya tatu.
Nawaachia wakaoshe vyombo navyo.

Kusaini nikasaini mwenyewe.
Karatasi ikateleza, nikaishika kwa kushoto,
nikasahau.
Pale paliposema mwajiri
pakabaki majani mawili na nusu ya ua,
kijani kinachoelekea kahawia.

Munira akafungua mkoba kutafuta fomu nyingine.
Wacha, nikamwambia. Hiyo ndiyo jibu.

Nikamhesabia elfu moja na mia tano, ya Shaaban.
Ya Ramadhani tutaona.