Bluu ya Kufulia

Kizota, Julai. Upepo umeamka kabla yetu,
na vumbi lake linatafuta beringi za kuharibu.
Nimelowanisha turubai, nimelitundika mlangoni.
Chini ya Isuzu ya mama Mbeleje
nimelala chali tangu alfajiri;
oili nyeusi ya miaka tisa inachuruzika kwenye karai.

Yeye ameketi juu ya tairi, hataki kuondoka.
Ameuza madume mawili ya ng'ombe kwa difu loki hii
iliyokuja na basi, imeviringishwa blanketi kama kichanga.
"Nionyeshe," anasema, "kilichokula mpunga wangu."

Naishika difu ya zamani, naizungusha.
Tazama: gurudumu moja likizama topeni
nguvu yote ya injini hulikimbilia hilo,
hilo linaloteleza, lisilosukuma kitu.
Lililokanyaga pagumu halipewi hata chembe.
Anacheka kidogo, si kwa furaha:
"Baba mkwe alivyogawa mirathi. Ndivyo hivyo hivyo."

Februari iliyopita, Bahi, siku tatu, usiku na mchana,
tope la mbuga lilimeza ekseli mpaka kwenye springi.
Alipofika mjini akafungua magunia:
mpunga umechipua,
kijani, mzuri kutazama.

Basi nafunga. Washa nyembamba kama ganda la kitunguu,
naweka kushoto, natoa, nahamishia kulia.
Lazima ubaki mchezo kati ya jino na jino,
unene wa nywele mbili.
Ukibana, difu italia njia nzima;
ukilegeza, meno yatang'oka kilimani na mzigo juu.
Wino wa kupimia sina.
Nachanganya grisi na bluu ya kufulia,
ile mama aliyong'arishia shati langu la kipaimara,
napaka meno, nazungusha kwa mkono.
Alama inakaa kisiginoni. Hapana.
Inakaa kidoleni. Hapana.
Ndahani, kijana wangu wa spana, amesinzia na tochi inawaka.
Mara ya saba bluu inafutika katikati ya jino:
doa dogo, kama punje.

Julai haina tope. Tukaenda kwenye korongo la mchanga,
gurudumu moja tukalichimbia shimo.
Akabonyeza swichi. Pumzi ikapita kwenye mpira,
chini kukasema *ka!*
na magurudumu mawili yakawa na kauli moja.

Kurudi, kwenye lami, akasahau.
Pale kona ya kuingia gereji matairi yalipiga yowe.
Zima, mama. Hapa kila moja na mwendo wake;
la nje lina safari ndefu kuliko la ndani.
Akazima, akanitazama muda mrefu,
kama niliyemsengenya mtu anayemjua.

Februari simu iliita usiku wa manane. Hakuna salamu.
Alikuwa ameielekeza nje ya dirisha.
Nikasikia mvua, nikasikia injini ikivuta polepole bila kuyumba,
na vyura wa Bahi wakinyamaza mmoja mmoja
lori likipita.