Ishirini na Mbili ni za Nani

Amepanda kilima kutoka Nyawera kwa miguu,
kitenge kimefungwa hadi masikioni kama mwenye jino bovu,
na mimi najua si jino.
Mama Cibalonza, muuza sambaza,
miaka sita ameuficha uvimbe chini ya sikio la kushoto:
kwanza punje ya hindi, kisha harage, sasa yai la njiwa.
Hauumi, daktari. Kisichouma nitakilipia nini?

Nampaka jeli. Anashtuka:
baridi kama beseni la alfajiri, anasema.
Jenereta inakohoa nyuma ya ukuta,
umeme umekatwa tangu jana,
nina mafuta ya dakika arobaini.

Kwenye kioo shavu lake ni kijivu juu ya kijivu.
Hili hapa tezi la mate, na ndani yake
giza lenye umbo.
Natafuta ukingo. Kazi yangu yote ni ukingo.
Uvimbe mpole hujenga ukuta wake, ukakaa ndani,
humsukuma jirani lakini hamwingilii.
Ule mwingine haujui uzio:
hutia vidole katika nyama ya wenzake,
hujichimbia mishipa iliyopindapinda ya kunywea damu,
hutuma wajumbe kwenye matezi ya shingo.

Wa Mama Cibalonza una ukingo,
una rasi na vighuba kama Bukavu inavyoingia ziwani.
Ila upande wa ndani, nyuma ya mfupa wa taya,
sauti ya mashine haifiki, mstari unapotea.
Nageuza kipimo.
Unapotea tena.

"Umesambaa?"
Kisha anacheka peke yake:
miaka thelathini nalipigia kelele neno hili Kadutu,
sambaza! sambaza!
leo limenigeuka mdomoni.

Namwomba afumbe macho kwa nguvu. Anafumba.
Avimbishe mashavu. Anavimbisha.
Apige mluzi.
"Mimi? Bibi wa wajukuu tisa?"
Anapiga: mwembamba, umenyooka.
Mshipa unaoamrisha uso hupita katikati ya tezi hilo
kama barabara katikati ya soko,
na bado haujafungwa.
Naandika: tabasamu sawa pande zote.

Zihalirwa, mwanafunzi wangu, ana programu kwenye kompyuta.
Inahesabu chembe za kijivu moja moja,
inazilinganisha na mashavu elfu ya watu tusiowajua.
Anasoma kwa sauti: mpole, sabini na nane kwa mia.
Uso unamng'aa kama aliyefaulu mtihani.

Mama ameketi, anajifuta shingo.
"Na hizo ishirini na mbili ni za nani?"

Kimya.

"Mwanangu, nikikupimia makopo mia ya sambaza,
ishirini na mawili yakawa yameoza,
utarudi mezani pangu?"

Zihalirwa anatazama viatu vyake. Mimi natazama kioo.
Mama anatufundisha, bila hasira,
namna ya kumjua samaki aliyeanza kuharibika:
usiamini rangi, rangi hudanganya,
hata ngozi inayong'aa hudanganya.
Fungua shavu. Nusa.

Ndiyo, Mama. Ndiyo hasa.
Picha ni rangi. Sindano ndiyo pua.
Nitachota kidogo, tone tu, litapakwa kwenye kioo chembamba,
mtu mwingine ataliinamia darubini,
na jibu ni wiki tatu barabara ikiwa njema.

Anafungua fundo la kitenge, anahesabu noti,
zina harufu ya ziwa na chumvi.
Hafumbi macho sindano inapoingia. Anauma meno tu.

Mlangoni namwambia: kila asubuhi, kabla ya soko,
piga mluzi mbele ya kioo.
Siku ukipinda, usingoje wiki tatu.

Anashuka ngazi akiujaribu.
Jenereta inazimika.
Sasa nausikia vizuri zaidi.