Kibao cha Lamu

Wametundika kibao
kwa misumari na mbao:
ati punda na wenzao
wawe kushoto Langoni.

Njia yenyewe viwiko
viwili; kushoto kwako
ni kulia kwa mwenzako,
na ubavu ukutani.

Famau kasimamishwa,
mchanga haujashushwa,
faini kaandikishwa
kwa kosa la kuliani.

Afisa, kalamu wazi,
ameinamia kazi;
nyuma, boriti kwa jozi
zaja mbio mgongoni.

Mtoto wa Mwanaesha
sauti kaipandisha,
neno moja, likatosha:
“He, simile! Simileni!”

Afisa karuka hima,
barazani kasimama
kulia, bila kusoma
sheria ya kibaoni.

Ikaokotwa risiti,
yenye kwato katikati;
Famau naye, kwa dhati:
“Yako waandika lini?”